Resi inayoshtua kwenye kona za Kitonga: kisa cha pikipiki moja ya safari

Kisa hiki kinahusu pikipiki kubwa ya safari iliyoletwa karakana yetu Dar es Salaam na lalamiko moja tu: resi inashtua. Jina la mwenyewe, namba ya usajili, aina ya pikipiki na karakana alizopitia kabla yetu nimeviondoa. Vipimo nimeviacha, maana bila hivyo fundi mwingine hawezi kulinganisha na pikipiki iliyo mbele yake.

## Pikipiki na mwenyewe

Injini yake ina silinda mbili zilizosimama sambamba, zaidi ya cc 1,000. Inatumia nozeli za kupuliza mafuta na throtobodi mbili, yaani milango ya kuingizia hewa kwenye injini, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa cheni. Resi yake ni ya waya: mmoja wa kufungua, mwingine wa kurudisha. Haina resi ya kielektroniki wala zile modi za kuchagua mwendo laini au mkali, kwa hiyo ulaini wote lazima utoke kwenye vyuma na kwenye mkono wa dereva.

Iliingia nchini ikiwa imeshatumika, na ilipotufikia ilikuwa imepita kilomita 60,000. Mwenyewe ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mtulivu barabarani, anayesafiri na mkewe akiwa abiria na masanduku mawili ya pembeni. Alikuwa amefanya mabadiliko matatu. Mgongo wake ulikuwa ukimuuma, akainua usukani kwa sentimita tatu hivi. Akabadilisha eksozi. Halafu kuna aliyemshauri anunue kisanduku kidogo cha umeme "cha kuongeza mafuta", akakifunga. Kila kimoja alikuwa na sababu ya kukifanya, na viwili kati ya hivyo vitarudi mbele ya kisa hiki.

## Safari ya Iringa

Barabara ya Dar es Salaam hadi Iringa inaifichua resi mbovu kuliko barabara nyingi ninazozijua. Kuanzia Chalinze, vijiji vinafuatana, na kila kijiji kina kibao cha 50 na askari mwenye tochi ya kupima mwendo. Baada ya Morogoro barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, nako unatakiwa uende polepole kwa ajili ya wanyama, na matuta yapo ya kukukumbusha. Ukivuka Ruaha Mbuyuni unakutana na Kitonga: mlima, kona za kukunja, na foleni ya malori yenye shehena ya Zambia na Congo yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Mwenyewe alisimulia hivi. Kwenye 90 na 100 pikipiki ilikuwa tamu. Akiingia kijijini na kushika 50, inaanza kwenda mbele na kurudi nyuma kama inayosita, bila yeye kugusa kitu. Kwenye matuta ya Mikumi kofia ya mkewe ikawa inagonga yake kila anapoachia resi na kuivuta tena. Kitonga ndiko kulikomtisha. Katikati ya kona ya kushoto, akiwa ameachia resi nyuma ya lori, alivuta kidogo ili asidondoke. Pikipiki ikaruka. Ikamtoa kwenye mstari wake kuelekea upande wa magari yanayoshuka. Hakukuwa na gari wakati ule. Mkewe alirudi Dar kwa basi.

"Fundi, mama kasema hapandi tena," alisema alipoileta. "Na mimi simlaumu."

## Alikopita kabla

Karakana ya kwanza ilibadilisha plagi na kuosha nozeli. Ya pili ilikaza cheni na kulegeza waya wa resi. Ya tatu ilipandisha sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kuvutwa resi, kutoka 1,200 hadi karibu 1,600 kwa dakika, na kwa siku chache mwenyewe aliona nafuu. Nafuu hiyo ina maelezo. Sailensi ikiwa juu, tofauti kati ya resi iliyofungwa na resi iliyofunguliwa kidogo inapungua, kwa hiyo mshtuko unapungua. Lakini injini nayo inakuwa haikushikilii tena ukiteremka, na ugonjwa unabaki pale pale chini ya kitambaa.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizo ambayo ni ya kipuuzi. Tatizo ni kwamba wote watatu walilichukua neno "inashtua" kama ugonjwa mmoja.

## Kutenganisha malalamiko

Tulichofanya kwanza ni kuipanda, bila kufungua hata bolti. Mwenyewe alikaa nyuma kama abiria ili uzito ufanane na wa safari, tukaenda barabara yenye matuta na kona za polepole. Tuliporudi tulikuwa na mambo matatu yaliyoandikwa kando kando.

La kwanza: resi ikifungwa kabisa kisha ikafunguliwa kidogo, kuna nafasi tupu, halafu *ko!* chini ya kiti, halafu msukumo. Mlio huo ni chuma kugonga chuma. Haukuwa wa injini.

La pili: kwenye 50, gia ya tatu, resi ikiwa imeshikwa palepale, injini inapanda na kushuka yenyewe. Hapa hakuna mlio wala nafasi tupu. Ni nguvu inayokuja na kuondoka.

La tatu: kwenye tuta au barabara yenye mawimbi, mwili wa dereva ukirushwa, mkono unavuta resi bila yeye kukusudia, pikipiki inajibu, mwili unarushwa tena.

Sababu za mambo haya matatu hazifanani. La kwanza linaanza kutafutwa kwenye cheni, raba za habu (kitovu cha gurudumu) na waya. La pili liko kwenye hewa na mafuta. La tatu ni la mkono na namna ya kukaa. Tuliamua kwenda kwa mpangilio huo huo, na kuipanda pikipiki kwenye barabara ile ile baada ya kila hatua. Kuanza na cheni hakukutokana na urahisi wake. Ulegevu wa vyuma unakuza kila kosa dogo la injini: mafuta yakipungua kidogo tu, cheni iliyolegea inageuza upungufu huo kuwa pigo. Ukirekebisha mafuta wakati cheni bado inapiga, huwezi kujua umerekebisha nini.

## Cheni na raba za habu

Cheni ilikuwa imekazwa, kweli. Ila ilikazwa sehemu moja. Tulizungusha gurudumu polepole na kupima ulegevu katikati ya mkondo wa chini kila baada ya robo ya mzunguko. Pikipiki nyingi za aina hii hutaka milimita 30 hadi 45. Hii ilitoa 25 sehemu moja na zaidi ya 50 upande mwingine. Cheni ya namna hiyo imerefuka bila usawa na haikaziki: ukiweka sawa sehemu iliyolegea, sehemu iliyokaza itavuta beringi za sproketi (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni) na kuzuia shokomzoba isishuke pale watu wawili wanapokaa. Tulibadilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Kufunga cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka ni kuiua mpya.

Ndani ya habu ya gurudumu la nyuma kuna raba zinazokaa kati ya sproketi na gurudumu. Kazi yake ni kumeza pigo kila nguvu inapokuja ghafla. Tulilishika gurudumu lisizunguke, tukatikisa sproketi kwa mkono, ikacheza mbele na nyuma kwa urahisi kabla ya kukutana na ukinzani wowote. Raba zilikuwa zimekauka na kusinyaa. *Ko* ile ilitoka hapa.

Raba halisi hazikupatikana mjini, ikabidi ziagizwe. Mwenyewe alitaka kuendelea kuitumia pikipiki kwenda kazini, kwa hiyo tulikata vipande vya tyubu ya tairi na kuvijaza kwenye nafasi kati ya raba na kuta za habu. Mafundi wengi wanafanya hivi. Inasaidia mara moja, na nafasi tupu ilipungua sana. Tulimwambia wazi kwamba ni ya muda na asisafiri nayo mbali.

## Waya wa resi, na kwa nini ulikuwa umelegea

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo.

Mkono wa resi ulizunguka karibu milimita 8 kabla ya waya kuanza kuvuta. Kawaida ni 2 hadi 4. Milimita 8 maana yake dereva anavuta hewa tupu, haoni kitu, anaongeza, kisha anakuta ameshafungua zaidi ya alivyotaka. Na mwanzoni mwa kufunguka ndiko injini iliko kali zaidi. Ule mlango wa duara ndani ya throtobodi ukiwa karibu umefungwa, nyuzi (digrii) chache za kuuzungusha zinaongeza hewa kwa kiwango kikubwa sana kulinganisha na kilichokuwa kinapita. Ukiwa nusu wazi, nyuzi zile zile hazionekani.

Fundi wa haraka angekaza waya hadi milimita 3 na kumaliza. Tulifanya hivyo kwa majaribio, tukawasha injini, tukageuza usukani hadi mwisho kushoto. Mzunguko ukapanda wenyewe. Usukani ulikuwa umeinuliwa, nyaya zikabaki na urefu ule ule, na kila usukani ukigeuzwa kushoto waya ulivutwa na kufungua resi. Yule aliyelegeza waya kabla yetu alikuwa na sababu: alikuwa akiiziba hatari hiyo. Kama tungekaza na kuondoka, tungemrudishia mwenyewe pikipiki inayojivuta resi yenyewe akigeuza kwenye maegesho.

Tulishusha tenki, tukazipitisha nyaya njia fupi zaidi upande wa ndani wa shingo, tukapunguza kimo cha usukani kwa sentimita moja kwa ruhusa yake, tukapaka nyaya mafuta, ndipo tukaweka milimita 3. Kisha tukajaribu tena: kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, sailensi ikabaki palepale. Resi ikiachiwa inarudi yenyewe kwa nguvu, usukani ukiwa upande wowote. Jaribio hili huchukua dakika moja na halina mbadala.

Tulipoipanda baada ya hatua hii, jambo la kwanza lilikuwa limepungua kwa sehemu kubwa. La pili lilikuwa palepale, kama tulivyotarajia.

## Hewa na mafuta

Kwanza sailensi ilirudishwa 1,200. Halafu tukatafuta hewa inayoingia kwa njia ya wizi. Raba za menifodi, zinazounganisha throtobodi na injini, zilikuwa nzima. Lakini kwenye moja ya throtobodi, kile kifuniko kidogo cha raba kinachoziba tundu la kupimia mvuto wa hewa kilikuwa kimepasuka. Ni kitu cha bei ya soda. Tulikigundua kwa kunyunyizia maji kidogo kuzunguka eneo lile injini ikiwa inanguruma: maji yalipofika pale, mlio ukabadilika. Wengine hunyunyizia kemikali ya kusafishia kabureta, ambayo inawaka moto. Karibu na eksozi ya moto sishauri.

Silinda moja ilikuwa inavuta hewa ya ziada, hivyo mchanganyiko wake ni mkavu, yaani una mafuta machache, kuliko wa mwenzake. Sensa ya oksijeni, inayopima moshi wa eksozi, kwenye pikipiki hii ni moja, na iko mahali bomba mbili zimeshaungana. Kompyuta ya injini inaona wastani wa silinda zote mbili. Inaongezea zote mafuta, ile iliyokuwa sawa inazidiwa, kompyuta inapunguza, ile kavu inakauka tena. Hivyo ndivyo 50 ya kijijini inavyogeuka bembea.

Baada ya kuziba tundu tulisawazisha throtobodi. Vifaa vya kununua vipo, ila tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye mafuta ya tu-stroku kiasi, umefungwa kwenye ubao kwa umbo la U, ncha moja kila silinda. Mafundi ujenzi wanaotafuta levo kwa mpira wa maji wataelewa mara moja. Silinda inayovuta zaidi inayapandisha mafuta upande wake. Mpira uwe mrefu, mita kadhaa, na ubanwe kidogo kwenye ncha ili mafuta yasinyonywe ndani kabla hujawahi kurekebisha. Hapa yalipanda upande mmoja kwa zaidi ya shubiri. Tulirekebisha kwa skrubu za hewa hadi yakakaa sawa. Skrubu iliyopakwa rangi kiwandani, inayoshikilia kituo cha mlango wa throtobodi, hatukuigusa, wala sensa ya nafasi ya resi. Hizo ukizigusa bila vifaa unapoteza rejea ya kila kitu kingine.

## Kisanduku

Kile kisanduku cha kuongeza mafuta kilikuwa kimefungwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa. Kinaidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo kompyuta inaongeza mafuta.

Kwenye mwendo mdogo ulioshikwa palepale, kompyuta inafuata sensa ya oksijeni na kulenga uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, kwa sababu hapo ndipo kichujio cha moshi ndani ya eksozi kinafanya kazi vizuri. Masharti ya moshi ya Ulaya, Euro 3 (2006), Euro 4 (2016) na Euro 5 (2020) yameibana zaidi na zaidi sehemu hiyo. Injini hupendeza zaidi ikiwa na mafuta mengi kidogo, karibu 13 kwa 1, na hiyo ni sababu mojawapo inayozifanya pikipiki nyingi za sasa kuwa na ukali mdogo mwanzoni mwa resi hata zikiwa mpya. Kisanduku kikiongeza mafuta kwenye mwendo huo, sensa inayaona na kompyuta inayaondoa. Mwenyewe alilipia kitu kisichofanya kazi pale hasa alipoumia. Kilifanya kazi pale ambapo sensa haifuatwi, resi ikiwa wazi mlimani, na huko hakukuwa na shida. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi. Tulikitoa, na tukamweleza sababu kabla ya kukitoa.

Kuandika upya programu ya kompyuta tulilijadili naye. Inaweza kuleta ulaini halisi mwanzoni mwa resi, lakini inahitaji mtu mwenye mashine ya kupimia nguvu na uzoefu wa injini hiyo. Programu iliyopakuliwa tu, iliyotengenezwa kwa eksozi nyingine, ni bahati nasibu. Tuliacha.

## Mkono

Jambo la tatu halikuhitaji spana. Tulimwomba mwenyewe aweke kidole gumba au cha shahada kikigusa kile kiboksi cha swichi kisichozunguka, ili mkono uwe na nanga pikipiki ikirushwa, na abane tenki kwa magoti badala ya kujishikilia kwa usukani. Kwenye kona ya polepole: aingie na gia ya pili, asifunge resi kabisa, aivute kidogo sana huku mguu ukiwa na breki ya nyuma kwa mbali. Breki inamsaidia kudhibiti mwendo wakati cheni inabaki imevutika upande mmoja muda wote. Pigo linatokea pale cheni inapogeuka kutoka kurudishwa na injini hadi kuvutwa nayo. Isipogeuka, hakuna pigo. Klachi ikishikwa nusu kidogo inamalizia.

Alijifunza kwenye uwanja wa wazi kwanza, akiwa peke yake, kisha na abiria.

## Matokeo

Vile vipande vya tyubu havikudumu. Raba halisi zilipofika na tukafungua habu, vilikuwa vimesagika na kubaki unga mweusi, na mwenyewe alishaanza kuisikia *ko* kwa mbali. Raba mpya zilipofungwa, ilitoweka.

Alikwenda Iringa peke yake kwanza. Alipofika Ilula alipiga simu: vijiji vyote pikipiki imetulia kwenye 50, na Kitonga amepanda nyuma ya lori kwa gia ya pili bila kurukishwa. Gia ya kwanza bado ina ukali kidogo resi ikifunguliwa kutoka kufungwa kabisa. Ulaji wa mafuta umepungua. Safari iliyofuata mkewe alikubali kupanda hadi Morogoro, akaamua huko kwamba anaendelea.

## Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kile kipande cha karatasi chenye malalamiko matatu. Karakana tatu zilizotangulia ziligusa sehemu ambazo sisi pia tulizigusa: cheni, waya, sailensi. Tofauti ni kwamba cheni ilipimwa sehemu moja badala ya mzunguko mzima, waya ulilegezwa bila kuuliza kwa nini unavutwa, na sailensi ilipandishwa ili dalili isisikike. Kuipanda pikipiki kati ya hatua na hatua kulitugharimu muda, na mwenyewe alilipia muda huo. Nadhani ilistahili, kwa sababu bila hivyo tusingejua kwamba cheni na waya havikugusa kabisa bembea ya kwenye 50, na tungeshawishika kusifia au kulaumu kazi isiyohusika.

Usukani ndio ulionifundisha zaidi. Kuinua usukani ni badiliko la starehe, watu hulifanya nyumbani kwa dakika chache, na hakuna anayelihusisha na resi. Siku hizi pikipiki yoyote ikija na lalamiko la resi, swali letu la kwanza kwa mwenyewe ni nini kimebadilishwa tangu ilipokuwa nzuri, hata kama anaona hakihusiani.

Tyubu kwenye habu naiweka upande wa yaliyoshindwa, ingawa ilitegemewa kushindwa. Uzito wa watu wawili na masanduku kwenye injini ya zaidi ya cc 1,000 ni mzigo mwingine kabisa na ule wa pikipiki ya cc 150 ambako mbinu hii imezoeleka. Mteja anayesikia ulaini baada ya tyubu anaweza kuona hana haja ya kulipia raba halisi, na akasafiri. Huyu hakusafiri; mwingine angesafiri.

Ukali uliobaki gia ya kwanza ni wa programu ya kiwandani na wa ule mlango wa throtobodi kufunguka haraka mwanzoni. Njia iliyobaki ya kuupunguza kwa vyuma ni kubadilisha roda ya mkono wa resi, ile inayozungushia waya, iwe yenye kipenyo kidogo mwanzoni ili waya uvutwe polepole zaidi. Gharama yake ni mkono kuzunguka zaidi kufikia resi yote, jambo ambalo mgongo wake na umri wake havikulikataa alipojaribu kwenye pikipiki ya rafiki. Amesema atafikiria baada ya mvua.